Kamera Haioni Magego

Jumatatu, 4 Mei

Nimekaa. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Basi la shule limeegeshwa nyuma ya madarasa, geti limefungwa kwa mnyororo, na mimi dereva wake nimeegeshwa sebuleni. Korona imetuweka wote ndani. Anayefanya kazi ni mke wangu tu. Yeye ni muuguzi wa kliniki ya meno, lakini kliniki imefungwa na wenzake wote wamepelekwa wodi ya wagonjwa wa korona. Analala bweni la wauguzi hukohuko hospitali, asije akatuletea maradhi. Nyumba kaniachia mimi.

Nyumba na watoto wawili. Mkubwa ni binti wa miaka kumi na moja. Tunamwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo asiloweza kulipinga. Mdogo ni Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Ana miaka sita na anakula chochote kisichokimbia.

Zamani, yaani mwezi wa pili, watoto hawa walikuwa wanaamka alfajiri, wanaoga, wanapiga mswaki, wanavaa viatu na kulikimbilia basi. Mchana wanaruka kamba. Saa tatu usiku wamelala fofofo. Nilidhani ni malezi yangu. Kumbe ilikuwa shule!

Sasa wanaamka jua likiwachoma. Nguo za kulalia ndizo nguo za kushindia. Biskuti zinaliwa kitandani, katuni zinatazamwa mpaka macho yanakuwa mekundu, na miswaki imekauka kama vijiti vya kuchokonolea moto. Mimi sisemi kitu. Nikisema wananinunia, na kununiwa na watu unaoshinda nao chumba kimoja ni adhabu kubwa.

Leo jioni mama yao kapiga simu ya video bila taarifa. Kamkuta Kitinda na nguo za kulalia na jamu shavuni. Akauliza ile jamu ni ya lini. Kitinda akasema hakumbuki. Lo!

Mama akakata kauli. Kila jioni saa moja atakagua meno, mazoezi na usingizi. Jumatano ya wiki ijayo anapewa likizo. Akikuta mambo ni hayahaya, watoto wanahamia kwa dada yake mtaa wa pili mpaka shule zifunguliwe. Kwa shemeji yangu! Mwanamke ambaye watoto wake wanalala na kuku na kuamkia wakubwa kwa mstari. Nikajipiga kifua. Nikasema mtu anayebeba watoto arobaini kila asubuhi hawezi kushindwa na wawili. Akanikumbusha kwamba wale arobaini huwa wamefungwa mikanda.

Simu ilipokatika nikawatazama pale kwenye sofa, wamelaliana, wanagombania mto. Bila hawa nyumba hii itakuwa pango, na mimi nitaanza kuongea na jokofu. Hawaendi popote. Nitapanga.

Jumanne, 5 Mei

Nimeitisha kikao mezani. Nikatangaza masharti: mswaki asubuhi na jioni, kuoga, kuruka kamba, kulala mapema. Wakili akanyoosha kidole na kuuliza wao wanapata nini. Nikamwambia wanapata afya. Akasema afya wanayo tayari, niongeze kitu.

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mimi ni dereva, najua chombo hakiendi bila mafuta. Tukakubaliana hivi: kila anayepiga mswaki anapewa pipi. Papo hapo, baada tu ya kusukutua.

Sielewi kwa nini hakuna mzazi aliyewahi kuliwaza jambo hili. Mpaka mchana Kitinda alikuwa ameshapiga mswaki mara nne. Mtoto aliyekuwa anafukuzwa nyumba nzima!

Saa moja, ukaguzi. Mama akaagiza midomo ifunuliwe. Meno ya mbele yaling'aa kama sahani za wageni. Akanipongeza. Nikasema ni kazi ndogo.

Na hapo ndipo akili ilipofunguka. Simu nilikuwa nimeishika mimi, nikaona anachokiona yeye. Meno ya mbele, basi! Kamera haioni magego. Dawa ya meno inakaribia kwisha, na foleni ya dukani inazunguka kona kwa sababu watu wanasimama mbalimbali. Nikatoa agizo: kuanzia kesho tunasugua yanayoonekana tu. Wakili akasema hiyo ndiyo akili aliyokuwa akiisubiri kutoka kwangu tangu azaliwe. Nimeguswa sana.

Jumatano, 6 Mei

Sasa mazoezi. Mama kasikia kwamba jirani yetu anawakimbiza wajukuu zake uani kila asubuhi. Jirani huyu ni mwalimu mstaafu wa michezo. Tunamwita Filimbi, kwa sababu anayo shingoni hata akienda kutupa taka. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu kamili, piiii! Kuta zinatetemeka. Na ni mtu huyuhuyu aliyenishitaki kwa mwenye nyumba eti honi ya basi langu inamsumbua asubuhi. Mwenye filimbi kulalamikia honi!

Nikamwambia mama kwamba wa kwetu wanafanya mazoezi makali kuliko wa Filimbi. Akasema vizuri sana, nimtumie video wakiwa wanatoka jasho.

Jasho! Watoto ambao wakitoka sofani kwenda chooni wanapumzika njiani. Nikakaa, nikawaza. Jasho ni nini hasa? Ni maji usoni. Maji tunayo. Nikamwagiza Wakili achote, ajinyunyizie yeye na mdogo wake, kisha wapumue ulimi nje. Mimi nikashika simu. Ilikuwa kazi safi kabisa, mpaka Kitinda alipopiga yowe na kuanza kuzunguka ua mzima akijisugua macho. Kumbe Wakili alichota kwenye beseni la vyombo. Maji ya sabuni!

Video ikatoka nzuri ajabu. Mama kasema hajawahi kumwona Kitinda akikimbia namna ile. Kwa bahati mbaya Filimbi naye aliona, kwa juu ya ukuta. Akauliza kama nahitaji msaada wa kitaalamu. Nikamjibu kwamba sisi tunatumia mbinu za kisasa. Akacheka, kisha akaipuliza ile filimbi kidogo, makusudi. Simpendi mzee huyu.

Alhamisi, 7 Mei

Usingizi. Hili nilijua ni gumu. Ukimwambia Wakili akalale, anakuuliza kesho kuna nini cha kuamkia. Swali zuri.

Kwa hiyo nimeacha kubishana na watoto, nimebishana na saa. Wakati wa chakula cha mchana nikapanda kiti na kuisogeza saa ya ukutani mbele kwa saa mbili. Giza lilipoingia tu, nikaonyesha ukutani: saa tatu kasorobo hiyo, haya, vitandani. Wakashangaa siku ilivyokimbia, lakini saa ni saa. Wakapiga mswaki (ya mbele), wakala pipi, wakalala.

Nikanyoosha miguu nitazame mpira. Mechi ya zamani, matokeo nayajua, lakini amani! Hapohapo simu ikaita. Mama. Saa moja ya kweli. Nilikuwa nimesahau ukaguzi.

Nikamwambia kwa fahari kwamba wamelala. Nilitegemea sifa. Badala yake akageuka rangi. Akauliza wanaumwa? Wamelala saa moja, watoto wale? Wana homa? Wanakohoa? Sauti yake ilitetemeka, nami nikaona aibu, kwa sababu kule aliko mambo hayo si mchezo. Ikabidi niwaamshe, wakae kitandani, wakohoe kidogo mbele ya simu ili asikie kikohozi chao ni cha uongo. Hilo nalo halikumtuliza. Wakawa macho mpaka mechi ikaisha.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeanza kuzeeka. Wakili amegundua ujanja wa saa. Jana wakati wa simu ya mama aliona saa kwenye kioo cha simu. Leo aliamka kabla yangu, akaisogeza ya ukutani anavyojua yeye, kisha akabadilisha na ya kwenye simu yangu. Nimekula chakula cha mchana, nikajinyoosha, nikaamka, nikaambiwa chakula cha mchana bado. Nikala tena. Katuni za asubuhi zilichukua siku nzima. Kila nikiuliza, Wakili ananionyesha ukutani kwa heshima: saa ni saa, baba.

Jioni sikujua kama ni jioni au mawingu, na mama yuko zamu, hakupiga simu. Saa ya kweli itabidi niijue kwa njia ya kudhalilisha. Nimeamua kulala na nguo zangu na kusubiri filimbi ya jirani, ndipo nirekebishe kila kitu. Mimi! Kumtegemea mtu yule!

Jumamosi, 9 Mei

Piiii. Saa kumi na mbili na nusu. Nimezirekebisha zote. Sijasema asante kwa mtu.

Wakati wa kifungua kinywa nimeona Kitinda anatafunia upande mmoja. Kitinda, ambaye hutafuna kwa mdomo mzima na mashavu. Nikamwambia afungue kinywa. Nikamulika kwa tochi ya simu.

Gego la chini kushoto. Tundu jeusi. Ukiliangalia nalo linakuangalia.

Jasho jembamba likanitoka, la kweli safari hii. Mke wangu anayajua meno ya watoto wake kama mimi ninavyojua matairi ya basi. Akiliona tundu lile, Kitinda na Wakili wako kwa shemeji kabla sijafunga zipu ya begi. Nikamuuliza Kitinda linauma? Akasema kidogo, akila kitu cha baridi. Na cha moto. Na pipi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani pipi zitasitishwa. Mtoto wangu kabisa huyu.

Mchana kutwa nimemfundisha tabasamu la heshima, midomo imefungwa, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Alilipata vizuri. Lakini saa moja ilipofika mama hakutaka tabasamu. Alitaka Kitinda asogee karibu na kufungua kinywa, aaa, mpaka nyuma. Nikaminya mguu wa Wakili, ishara tuliyokubaliana. Wote watatu tukaganda.

Mtandao umekwama! Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Mimi mdomo wazi, Wakili kidole hewani, Kitinda kwenye tabasamu la pasipoti. Tuliganda vizuri sana, hata sanamu zingetuonea wivu. Mama aliita. Akaita tena. Kisha akauliza, polepole, kama mtandao umekwama, kwa nini lile pazia nyuma yetu linapepea.

Nikakata simu.

Jumatatu, 11 Mei

Jana sikuandika. Jino liliuma kwelikweli. Nimemsukutulisha Kitinda maji ya chumvi, nimembeba, nimemwimbia nyimbo zote ninazozijua pamoja na tangazo la sabuni. Alilia akimtaka mama yake. Alipolala shavu limenilalia begani, nikajiona mtu wa hovyo. Pipi zote nimezitupa. Isipokuwa zile za mfukoni mwa koti, ambazo ni za dharura.

Leo asubuhi nimejikaza, nimeenda kwa Filimbi. Amelea watoto na wajukuu, labda anajua dawa. Nikafika ukutani filimbi ikilia, piii, piii, nikachungulia.

Maskini weee! Mzee alikuwa anakimbia peke yake. Bukta, soksi ndefu, mikono juu, anazunguka ua huku akihema. Wajukuu zake wamekaa kwenye ngazi wanakula biskuti. Ile filimbi ya shingoni anayo mjukuu mdogo kuliko wote, na ndiye anayepuliza.

Aliponiona akasimama. Tukatazamana. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanzoni walikuwa wanakimbia, kisha wakaanza kuuliza maswali, kisha wakamwomba awaonyeshe mfano. Anawaonyesha mfano mpaka leo. Akanisihi nisimwambie mtu. Nikamwambia siri yake iko salama kama yangu.

Habari ya jino akaisikiliza hadi mwisho. Akasema dawa ni moja tu, nimwambie mama yake ukweli leo hii, maana jino halisubiri likizo. Nikamshukuru. Mzee mwenye busara, nilimkosea.

Jioni nimemwambia mama ukweli. Sehemu yake. Nimesema Kitinda amejing'ata ulimi.

Jumatano, 13 Mei

Amekuja. Kapimwa, hana ugonjwa. Alisimama kwenye bomba la uani akanawa hadi viwiko, akavua barakoa, na alama zake zimebaki mashavuni kama mtu aliyelalia kamba. Kakonda. Watoto walimrukia wakamwangusha kwenye nyasi, naye hakutaka kuinuka.

Kisha akamkalisha Kitinda mezani karibu na dirisha. Aaa. Akamulika. Akanyamaza.

Nimewahi kunyamaziwa na askari wa barabarani. Nimewahi kunyamaziwa na mwalimu mkuu nilipogonga mlingoti wa bendera. Lakini kimya kile! Sekunde zikapita, simu inamulika, yeye hasemi. Wakili akanikanyaga mguu chini ya meza, kama mtu anayemshauri mteja wake afunge mdomo. Sikuweza. Nikamwaga yote. Pipi baada ya mswaki. Meno ya mbele tu. Maji ya vyombo. Saa ya ukutani. Mtandao. Ulimi usiong'atwa. Nilipomaliza, Kitinda akaongeza kwamba na zile biskuti za kopo jekundu nilizimaliza mimi.

Mama akainua kichwa. Akasema tundu lile analijua. Lilikuwa dogo, aliliona kabla ya amri ya kukaa nyumbani, akampangia Kitinda kuzibwa, na wiki hiyohiyo kliniki ikafungwa. Kila jioni alipoagiza midomo ifunguliwe, alikuwa anamtafutia jino hilo moja. Sasa limekua, kuziba haiwezekani tena. Kesho kuna daktari anayepokea wa dharura, litang'olewa.

Kwa hiyo ningenyamaza, asingejua kitu! Kitu chochote! Wakili alinitazama kwa huruma ya kitaalamu.

Mama akauliza tena, polepole, pipi baada ya mswaki? Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na pale sakafuni kicheko kikageuka kilio. Akasema wiki zote hizi hajaona meno ya mtu, ni macho tu juu ya barakoa, na mengine alikuwa wa mwisho kuyaona. Akasema usiku ule tulipoganda, aliwasimulia wauguzi wenzake, na ndiyo mara ya kwanza bweni zima kucheka. Nikakaa naye chini, nikamshika mkono. Nilimkumbuka sana mke wangu. Sijui kwa nini sikuwa nimeliandika hilo popote.

Nikajua nimesamehewa. Akafuta macho, akainuka, akashusha begi juu ya kabati. Nikamsihi asiwapeleke, watoto hawana kosa. Akasema hata yeye anajua hawana. Akaingiza shati la kwanza, nikaona ni langu.

Kasema likizo yake ni fupi. Anaweza kuwanyoosha watoto wawili, watatu hapana.

Ijumaa, 15 Mei

Niko kwa shemeji. Chumba cha watoto, kitanda cha juu. Kitanda ni kifupi, miguu inachungulia nje. Mume wake ni mtu mpole. Nimekaa naye siku mbili na sijamsikia akisema zaidi ya ndiyo.

Jioni wamepiga simu. Jino limeng'oka, Kitinda amenionyesha pengo, akapitisha ulimi humo, akafurahi kama aliyepewa dirisha jipya. Wakili kasema wanaamka mapema, wanaruka kamba na mama yao, na kwamba si vibaya kama alivyodhani. Kisha akashusha sauti akaniuliza narudi lini. Nikajifanya napiga chafya. Nawataka sana wale watoto. Kila usiku nawasikia wakigombania mto, na hawapo.

Nimejiapiza kubadilika. Kweli kabisa, mchana wa leo nilijiapiza.

Hapa mambo ni chapuchapu. Filimbi si kitu mbele ya shemeji. Mswaki anausimamia mwenyewe, magego kwanza. Taa zinazimwa saa tatu, na hata mume wake hazungumzi baada ya hapo, ingawa sioni tofauti. Alfajiri tunapanga foleni ya bafu kwa umri, wadogo kwanza, kwa hiyo mimi ni wa pili kutoka mwisho. Maji ni baridi. Baridi ya kufa!

Sasa watoto hawa watatu, wa shemeji, wananisikitisha. Wapole, wasafi, macho yamewatoka. Leo asubuhi nimewatazama wakiingia mmojammoja na kutoka wakitetemeka, meno yanagongana. Kila siku tangu shule zifungwe wanajimwagia maji yale kwelikweli. Nimewauliza kwa upole, na nimegundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutambua kuwa mlango wa bafu unafungwa kwa ndani, na kwamba maji yakimwagwa sakafuni hulia vilevile.